Zinki Katika Taya la Mdudu, Zebaki Katika Mwili wa Mchimbaji

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita, anajua kwamba nguvu ya tindo imo katika ncha yake. Ncha ikiwa butu, mkono huchoka na mwamba haupasuki. Wadudu nao huishi kwa kanuni hiyo hiyo, na namna wanavyoitekeleza inatufundisha jambo kuhusu metali na afya ya binadamu.

Gamba la mdudu limeundwa hasa kwa protini na kitini, vitu vyepesi visivyo na ugumu wa chuma. Hata hivyo, panzi hukata majani makavu, na mchwa hutafuna mbao. Mwaka 1982, watafiti Hillerton na Vincent wa Uingereza walieleza kwamba zinki iliyomo katika taya za wadudu haikuenea ovyo, bali imekusanyika kwenye makali ya kukatia. Zinki au manganizi imebainika pia katika meno ya taya za chungu, na katika mirija ya kutagia mayai ya baadhi ya nyigu, ambao hutoboa ubao ili kufikisha yai ndani. Hata mwiba wa nge, asiyekuwa mdudu kwa maana ya kisayansi, una metali za namna hiyo.

Meno ya binadamu hupata ugumu wake kutokana na fuwele za madini ya kalsiamu. Chungu hafanyi hivyo. Mwaka 2021, Robert Schofield wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba atomu za zinki zimetawanyika kwa usawa ndani ya protini za jino la chungu. Kwa kuwa hakuna mabonge ya fuwele, ncha inaweza kuwa nyembamba mno na kali. Watafiti hao walikadiria kwamba chungu hutumia takribani asilimia 60 tu ya nguvu ambayo angehitaji kama meno yake yangekuwa ya vitu vinavyofanana na vya meno yetu.

Zinki hiyo haipo tangu mwanzo. Kwa chungu wakata majani wa Amerika, huingia katika meno siku za mwanzo za utu uzima, na ugumu wa jino huongezeka karibu mara tatu. Meno yakilika kwa uzee, chungu huchukua muda mrefu zaidi kukata jani, na wengine huacha kukata, wakabaki kubeba majani yaliyokatwa na wenzao.

Binadamu pia huhitaji zinki, ingawa kwa kazi nyingine: vimeng'enya vingi, kinga ya mwili, ukuaji na kupona kwa vidonda huitegemea. Ndiyo sababu mtoto anayeharisha hupewa vidonge vya zinki pamoja na ORS. Mzazi aendelee kumpa kwa siku zote alizoandikiwa, kwa kawaida 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema.

Katika jedwali la elementi, zinki iko safu moja na zebaki, metali inayotumika kunasa dhahabu kwenye mialo ya Geita. Undugu huo usitudanganye. Hakuna kiungo cha mwili kinachohitaji zebaki. Mchanganyiko wake na dhahabu unapochomwa, hutoka mvuke usio na rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Humo hung'ang'ania salfa iliyomo katika protini na kuvuruga kazi ya vimeng'enya.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anapomwona mgonjwa anayetetemeka vidole, asiyepata usingizi, mwenye hasira za ghafla, usahaulifu au fizi zilizovimba, amuulize anafanya kazi gani na dhahabu huchomewa wapi. Kipimo cha mkojo huonyesha kiasi cha zebaki, na figo zichunguzwe pia. Mke na watoto waulizwe vilevile, hata kama hawajawahi kushuka shimoni.

Kwa mchimbaji: usichome dhahabu jikoni wala chumbani. Tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na uchomee mahali pa wazi, mbali na makazi. Kitambaa puani hakizuii mvuke huo. Badili nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani. Wajawazito na watoto wasikaribie kabisa mahali pa kuchomea. Ukiona dalili zilizotajwa, fika kituo cha afya mapema na utaje kazi yako bila kusubiri kuulizwa.