Kiunganishi cha Kiingereza "provided that" na Athari Zake katika Tafsiri ya Sheria

1. Utangulizi

Makala hii inafafanua matumizi ya kiunganishi cha Kiingereza "provided that", ambacho hujitokeza mara kwa mara katika sheria, mikataba na nyaraka za sera za Afrika Mashariki. Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Rwanda ilikiongeza miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017, nayo Katiba ya Uganda inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Sheria nyingi za nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza ziliandikwa kwa Kiingereza, na kila anayezitafsiri hukutana na kiunganishi hiki. Akikosea hapo, kosa lake halibaki kuwa la mtindo tu. Laweza kuondoa haki ya mtu.

2. Matumizi katika Kiingereza

Katika Kiingereza cha kawaida, "provided that" huonyesha sharti. Mwenye ukumbi akisema "You may use the hall provided that you clean it", anatoa ruhusa inayotegemea usafi. Kiunganishi hiki ni finyu kuliko "if". Kwanza, hupendelea matokeo yanayotakiwa: ni kawaida kusema mtu atalipwa kwa sharti fulani, bali si kawaida kukitumia kusema kwamba ataugua. Pili, kitenzi kinachokifuata huwa katika wakati uliopo hata kama tendo ni la baadaye.

Katika sheria, hali ni tofauti. Humo kiunganishi hiki huanza kwa herufi kubwa baada ya nukta pacha au nukta mkato, na hufanya kazi tatu: kuweka sharti, kutoa hali fulani nje ya kanuni iliyotangulia, na wakati mwingine kuongeza kanuni mpya kabisa. Mwanasheria Mwingereza George Coode alikemea mtindo huu tangu miaka ya 1840, kwa kuwa neno moja lililobeba kazi nyingi humwachia msomaji kubahatisha.

3. Visawe vya Kiswahili

Kamusi nyingi hutoa "mradi" au "ilimradi". Visawe hivi hufaa pale penye sharti, na kitenzi huwa katika hali tegemezi: "Mnaweza kutumia ukumbi mradi muusafishe." Hata hivyo, "ilimradi" ina maana nyingine iliyozoeleka. Tunaposema mtu anafanya kazi ilimradi siku iishe, tunamaanisha kwamba hajali matokeo. Katika maandishi ya sheria, kivuli hicho cha maana hakifai. "Kwa sharti kwamba" ni salama zaidi.

Kwa kazi ya pili, kisawe stahiki ni "isipokuwa kwamba", ambacho kimezoeleka katika sheria za Tanzania. Nacho hakifai kila mahali: kikitumiwa penye sharti, msomaji ataelewa kwamba ruhusa imekwisha kutolewa kwa wote na kwamba wachache tu wameondolewa. Kwa kazi ya tatu, mfasiri afanye kanuni hiyo kuwa sentensi inayojitegemea, inayoweza kuanza kwa "aidha" au "vilevile".

4. Kinachohusika mahakamani

Kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinatoa mfano mzuri. Kinamtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hali yake inaangukia kwenye msamaha uliowekwa na sheria inayounda kosa. Kisha, kwa kutumia "provided that", kinasema mzigo huo utahesabiwa kuwa umetuliwa iwapo mahakama itaridhika, kwa ushahidi wa upande wa mashtaka wenyewe, kwamba hali hiyo ipo.

Sehemu hii ya pili ni nafuu kwa mshtakiwa. Ikitafsiriwa kwa "mradi", itasomeka kana kwamba mshtakiwa anabeba mzigo pale tu unapokuwa umekwisha kutuliwa, jambo lisilo na mantiki. Ikitafsiriwa kwa "isipokuwa kwamba", nafuu hiyo inabaki wazi.

5. Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, makala inapendekeza mambo matatu. Mosi, kabla ya kuchagua kisawe, mfasiri ajiulize: je, kanuni ya kwanza inasimama hata kama jambo la pili halijatokea? Ikiwa haisimami, hilo ni sharti. Ikiwa inasimama kwa kawaida na kuondolewa katika hali maalumu, hiyo ni hali ya pekee. Ikiwa haiguswi kabisa, hiyo ni kanuni mpya. Pili, faharasa za istilahi za sheria zioneshe kazi ya kila kiunganishi pamoja na mfano wa sentensi, badala ya kutoa neno kwa neno. Tatu, waandishi wa miswada mipya wasikiingize kiunganishi hiki katika Kiswahili pamoja na utata wake. Sharti liandikwe kama sharti, na hali ya pekee ipewe kifungu chake kidogo.