Choo cha Chombo na Haki ya Jirani

Familia inapokodi jahazi kwa matembezi ya siku nzima katika visiwa vya Lamu, swali la kwanza la akina mama huwa ni choo. Vyombo vingine huwa nacho, tena chenye sitara. Lakini bomba likiwa linashuka moja kwa moja baharini, watoto wanaooga chombo kinapotia nanga huoga katika uchafu wetu wenyewe.

Maji ya bahari ni tohara, lakini hilo si ruhusa ya kuudhi wengine. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya dhidi ya kujisaidia katika vyanzo vya maji, njiani na kivulini.

Sheria ya kimataifa huzikataza meli kubwa za safari za nje kumwaga maji taka yasiyosafishwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Jahazi la matembezi halimo humo. Hapo dhamiri ya mwenyewe inahitajika.

Dawa yake ni tangi la plastiki nene, lililofungwa imara chini ya sitaha. Huhitaji njia tatu: ya kuingiza kutoka chooni, ya kupumulia, na ya kunyonyea, ambayo hufika hadi chini ya tangi na mdomo wake kufunikwa vizuri sitahani. Bandarini, pampu huunganishwa hapo na kuyavuta yote.

Njia ya kupumulia ndiyo hudharauliwa zaidi. Ikiziba, pampu inaponyonya tangi huweza kubonyea na kupasuka. Na uchafu usiopata hewa hutoa gesi inayonuka, ambayo ikijaa mahali palipofungwa huweza kuua. Iwe pana, itoke nje, na isafishwe mara kwa mara. Mipira nayo isilegee na kufanya mabonde ambamo uchafu hutuama.

Sisi tunaostanji kwa maji tuhesabu vyema. Watu 10, kila mmoja akienda mara tatu na kutumia lita 5, ni lita 150 kwa siku. Tangi la lita 60 halitafika adhuhuri.

Basi, kabla ya kulipa, tumuulize nahodha: choo chako chaenda wapi? Tukiuliza sote, mafundi wataitwa.