Kiti cha Motokaa Kimepimwa kwa Mwili wa Nani?

Wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno hayo twayaona yafaa kusemwa leo juu ya kiti cha motokaa. Mtu anaponunua gari hutazama injini, hukagua matairi, huuliza linakunywa mafuta kiasi gani. Lakini kiti hukibonyeza kwa mkono mara mbili akasema, "Laini hiki," na mambo yakaishia hapo. Na huku kiti ndicho kinachoubeba mwili wa binadamu tangu safari inapoanza mpaka inapokwisha. Dereva wa lori au wa basi hukikalia kwa saa nyingi kuliko kiti chochote cha nyumbani kwake.

Hivi sasa viwanda vikubwa vya dunia vinabuni viti vya magari ya kesho, yaani magari ya umeme na yale yatakayojiendesha yenyewe. Twaahidiwa mambo matatu: kiti kitakuwa salama, kitakuwa cha raha, na hakitaharibu mazingira. Ahadi hizo ni njema. Walakini kabla ya kuzishangilia yatupasa tuulize: salama kwa nani, raha kwa nani, na kikishachakaa mzigo wake atauchukua nani?

Tuanze na usalama. Katika mwaka 1959 injinia mmoja wa Uswidi, Nils Bohlin, ambaye kwanza alikuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege iliyopata ajali, aliitengenezea kampuni ya Volvo mkanda unaopita kifuani na nyongani na kufungwa mahali pamoja. Kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo, na leo mkanda huo umo katika magari ya dunia nzima. Hilo ni tendo la kukumbukwa, kwa kuwa ujuzi wa kuokoa maisha haupaswi kufungiwa kabatini.

Lakini mkanda humzuia mtu asirushwe mbele. Je, gari likigongwa kwa nyuma? Hapo kazi yote ni ya kiti. Kiti husukuma mgongo mbele kwa ghafula, na kichwa, kwa kuwa ni kizito na hakijashikwa na kitu, hubaki nyuma; shingo iliyo katikati hupindwa vibaya kabla kichwa hakijafuata. Mtu hushuka garini bila jeraha la kuonekana, kisha maumivu ya shingo yaweza kumfuata kwa miezi au hata miaka. Ndiyo sababu Marekani iliamuru kwamba magari mapya ya abiria yanayouzwa tangu Januari 1969 yawe na egemeo la kichwa katika viti vya mbele. Na katika mwaka 1998 Volvo ilitoa kiti ambacho mgongo wake hurudi nyuma pamoja na mtu gari linapogongwa, ili pigo lipungue kabla halijafika shingoni.

Basi kiti hicho kilijaribiwa juu ya nani? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Viti hujaribiwa kwa sanamu zenye vyombo vya kupimia, zinazokalishwa garini kisha gari likagongeshwa. Sanamu iliyotumika sana duniani ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1970 kwa umbo la mwanamume wa kadiri, mwenye urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 78 hivi. Baadaye ikatengenezwa sanamu ya mwanamke mdogo wa kilo 49 hivi, lakini hiyo kwa sehemu kubwa ni ile ile ya kiume iliyopunguzwa vipimo. Mwanamke wa kadiri, ambaye ni nusu ya abiria wote, hakuwa na sanamu yake.

Nao wanawake ndio wanaoumia shingo zaidi magari yanapogongwa kwa nyuma. Uchunguzi umelionyesha jambo hilo tangu miaka ya 1960. Mwanamke kwa kawaida ni mwepesi kuliko mwanamume. Mgongo wa kiti uliopimwa kwa uzito wa mwanamume haulegei kwake kama unavyolegea kwa mwanamume, nao humrusha mbele kwa kasi zaidi. Mtaalamu wa Uswidi, Astrid Linder, pamoja na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi juu ya upungufu huo, na katika mwaka 2022 wakaionyesha sanamu ya mwanamke wa kadiri, mwenye sentimita 162 na kilo 62. Twauliza: ikiwa viwanda vyenye fedha na maarifa vilikawia zaidi ya miaka 40 kuukumbuka mwili wa mwanamke, ni miili mingapi mingine iliyosahauliwa?

Mtoto naye si mtu mzima aliyefanywa mdogo. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na shingo yake haijakomaa. Katika miaka ya 1960 daktari Bertil Aldman wa Uswidi alibuni kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ya gari, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa ili mgongo mzima upokee nguvu ya kuruka. Mpaka leo Waswidi huwakalisha watoto wao hivyo mpaka wanapofikia umri wa miaka minne hivi. Kanuni ni ile ile: kwanza mwili, kisha kiti.

Magari ya kesho yanaleta hatari mpya. Twaambiwa kwamba gari likijiendesha, abiria ataweza kukilaza kiti akapumzika. Lakini mkanda umebuniwa kwa mtu aliyekaa wima, ukishika mifupa ya nyonga. Mtu aliyejilaza, gari likigonga, mwili wake huteleza chini ya mkanda, na mkanda hupanda kutoka nyongani mpaka tumboni, ambako hakuna mfupa wa kuupokea. Kwa hiyo raha ile itakuwa ya kweli siku mkanda na kiti vitakapobuniwa pamoja kama kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye raha, na hapa twasema na wafanyakazi hasa. Wengi hudhani kwamba raha ni ulaini. Sivyo. Mtu aliyeketi hutikisika kwa urahisi zaidi kwa mtikisiko wa kupanda na kushuka unaojirudia kama mara 4 mpaka 6 kwa kila nukta ya saa. Hapo uti wa mgongo hupokea zaidi ya kile ambacho barabara imetoa. Sponji laini isiyopimwa yaweza kuuongeza mtikisiko huo badala ya kuupunguza. Ndiyo sababu malori mengi mazuri yana kiti kinachoelea juu ya mfuko wa hewa, chenye kifaa cha kutuliza mrusho na kinachorekebishwa kwa uzito wa dereva.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha agizo katika mwaka 2002 linaloutaja mtikisiko kuwa hatari ya kazini, kama zilivyo kelele na moshi. Liliwekwa kipimo ambacho kikizidi, tajiri lazima achukue hatua, na kingine ambacho mfanyakazi haruhusiwi kukivuka katika siku ya kazi ya saa 8. Twalipenda jambo hilo, kwa maana linaondoa maumivu ya mgongo wa dereva katika mambo ya bahati na kuyaweka katika mambo ya sheria. Jirani zetu wa Kenya nao walionyesha katika mwaka 2004 kwamba kiti cha abiria wa kawaida ni jambo la serikali, walipolazimisha mikanda kwa kila kiti cha matatu pamoja na vidhibiti mwendo.

Limebaki swali la mzigo. Zamani viti vya magari, zikiwamo Volkswagen zile za mgongo wa kobe, vilijazwa singa za farasi au usumba wa nazi. Kisha ikaja sponji, iliyotokana na ugunduzi wa Mjerumani Otto Bayer wa mwaka 1937. Sponji ni nyepesi, ni rahisi, na hufinyangwa kwa umbo lolote. Lakini hutokana na mafuta ya petroli, nayo ikishagandishwa na kitambaa kwa gundi ni vigumu kuitenganisha. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2000 ilitaka kwamba kufikia mwaka 2015 asilimia 85 ya uzito wa gari lililokufa itumiwe tena. Chuma huyeyushwa kwa urahisi. Kiti ndicho kinachosumbua. Kwa hiyo wabunifu wanajaribu viti vinavyofunguliwa kwa skrubu na vitambaa vya nyuzi za aina moja. Kampuni ya Ford ilianza kutia mafuta ya soya katika sponji za viti vya gari lake la Mustang la mwaka 2008.

Hapa twaona jambo linalotuhusu sana. Katika mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge Tanga. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba makubwa. Katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaushusha mkonge. Leo viwanda vya magari vinatafuta tena nyuzi za mimea, mkonge ukiwa mmojawapo, kwa vibao vya milango na vya migongo ya viti. Ikiwa nyuzi zatakiwa, haifai sisi turudie kuuza singa na kununua kiti.

Na tusingoje magari ya kesho. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, na mafundi wetu wa viti huyashona upya kwa ustadi. Twawaomba waangalie mambo mawili. Kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni kisivishwe kava linaloufunika mshono wake, kwa kuwa mfuko huo hutokea hapo. Na egemeo la kichwa lisiondolewe. Kila mtu alipandishe mpaka likaribie usawa wa utosi wake, tena liwe karibu na kichwa. Kazi hiyo haina gharama.

Wenye mabasi nao wajue kwamba kiti kilichochomelewa kwa haraka ili kuongeza abiria mmoja hung'oka siku ya ajali, na nauli ya abiria huyo haitalipa uhai wa aliye mbele yake. Kiti kizuri ni kile kilichopimwa kwa mwili wa anayekikalia: mama, mtoto, na dereva anayeamka alfajiri. Anayekitengeneza na akikalie kwanza.