Daftari ni Silaha: Wataalamu wa Usemi katika Shule za Marekani

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za wachuma chai, wakata miwa na wenzetu wa viwanda vya nguo. Leo tunakwenda mbali, hadi Marekani, kwa wafanyakazi ambao wengi wetu hatujapata kuwaona kazini: wataalamu wa usemi wa mashuleni. Hawa ndio wanaowasaidia watoto wenye kigugumizi, wenye kithembe, na wale ambao maneno hayataki kutoka kabisa.

Tunajua yuko atakayeuliza: mtu wa kapu na panga ana haja gani na habari hizo? Tunamwomba avumilie mpaka mwisho. Kazi ni mbalimbali, lakini mzigo ni ule ule, na njia waliyoipata wenzetu hawa ya kuubeba inatufaa hata sisi.

Habari hizi tulizipata katika semina moja ya vyama vya wafanyakazi, ambako tulikaa meza moja na mama aliyefanya kazi hiyo miaka mingi katika shule za serikali za nchi yake. Sisi tuliosoma mpaka darasa la saba tulimwuliza maswali mengi, naye alitujibu kwa uvumilivu.

Kazi yenyewe

Mtaalamu wa usemi hatumii sindano wala dawa. Kazi yake ni mazoezi. Humwita mtoto mmoja, au watoto wawili watatu kwa pamoja, akakaa nao kama nusu saa, mara moja au mbili kwa juma. Humwonyesha mtoto mahali pa kuweka ulimi ili atamke "s" au "r". Mwenye kigugumizi humfundisha kutuliza pumzi na kutoogopa neno. Asiyeweza kupanga maneno humsaidia kuyapanga, na asiyeweza kabisa kusema humfundisha kuonyesha picha ili apate kueleza haja yake.

Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kupata elimu ya bure inayomfaa katika shule za serikali. Kwa sheria hiyo, kila mtoto anayehudumiwa huandikiwa mpango wake mwenyewe. Mpango husema mtoto atajifunza nini na atahudumiwa kwa muda gani. Mzazi huitwa kikaoni, na mpango hutazamwa upya angalau mara moja kila mwaka. Tena kila baada ya miaka 3 mtoto hupimwa upya, isipokuwa mzazi na shule wakikubaliana kwamba hakuna haja.

Mpango ukishakubaliwa, dakika zile ni deni la shule kwa mtoto. Zisipotolewa, mtoto amedhulumiwa, na mzazi anaweza kudai.

Hesabu haikubali

Sasa, ndugu, tufanye hesabu. Mtaalamu mmoja wa shule za serikali huko mara nyingi huwa na watoto karibu 50. Katika jimbo la California sheria yenyewe inasema wastani usizidi watoto 55 kwa mtaalamu mmoja, na kwa watoto wadogo ambao hawajaanza shule usizidi 40. Tuchukue watoto 50, kila mmoja nusu saa mara mbili kwa juma. Akiwaita mmoja mmoja, hizo ni saa 50 kwa juma, na juma la shule halina saa hizo. Ndiyo maana huwaunganisha katika vikundi.

Haijaisha. Watoto 50 ni vikao 50 vya mwaka, na mwaka wa shule huko ni kama siku 180. Maana yake ni kikao kimoja katika kila siku tatu au nne za shule, na kila kikao kinataka taarifa iliyoandikwa. Ongeza watoto wapya wa kupimwa. Ongeza kwamba wengine hutumikia shule mbili au tatu, vitu vyao vimo ndani ya gari, na wakifika shuleni hupewa stoo au kona ya ukumbi, kwa kuwa chumba hakuna.

Maandishi hayo huandikwa lini? Kwa wengi ni usiku nyumbani, watoto wao wenyewe wakiwa wamelala, bila malipo. Ni kama mchuma chai anayebeba kapu umbali mrefu hadi kwenye mizani: mwendo ule ni kazi, lakini hakuna anayeuhesabu.

Namna wanavyojipanga

Tulimwuliza mama yule: dada, mtu anawezaje kubeba hayo yote bila kuchanganyikiwa? Akatueleza mambo matano.

La kwanza ni karatasi moja ya majina yote. Mbele ya kila jina kuna tarehe ya kikao cha mwaka na tarehe ya kupimwa upya. Kila mwanzo wa mwezi huitazama kabla ya kitu kingine chochote, ili barua ya mzazi itoke mapema.

La pili ni ratiba inayoandikwa kwa penseli. Kabla ya kuipanga huchukua kwanza ratiba za walimu wote, maana ukimtoa mtoto katika chakula au michezo atakuchukia, na ukimtoa katika hesabu mwalimu wake atakuchukia. Majuma ya kwanza ratiba hubadilika mara nyingi, penseli hufutika.

La tatu ni kuandika pale pale. Mtoto akijaribu neno mara 10 na kupatia mara 6, huandikwa 6 kabla hajainuka kitini. "Ukingoja jioni," alisema, "utaandika unachotamani, siyo kilichotokea."

La nne ni vifaa vichache vinavyofanya kazi nyingi. Picha moja ya soko yatosha kikundi kizima: mtoto huyu atataja vitu vyenye sauti ya "s", yule atatunga sentensi, na wa tatu ataeleza nani ananunua na nani anauza. Begi huwa jepesi, na muda wa kutafuta vitu huokolewa.

La tano, nalo ndilo kubwa, ni kuandika kila kipindi kilichopotea na sababu yake. Je, mtoto aliumwa? Je, mtaalamu aliitwa kikaoni? Au mkuu wa shule alimtuma kusimamia chakula cha mchana? Sababu hizo hazifanani, na asiyeandika hawezi kuzitenganisha.

Kujipanga peke yako hakutoshi

Hapo sisi tuliridhika, tukadhani tumemaliza somo. Lakini mama yule alicheka, akatuambia tumelipata nusu tu.

Alisema miaka yake ya kwanza aliamini kwamba akijipanga vizuri zaidi kazi itatosha. Alinunua majalada ya rangi kwa fedha yake. Alipanga kazi hata Jumapili usiku. Na kila alipofanikiwa, mkubwa wake alimwongezea watoto watano, akimsifu: "Wewe unaweza."

Hapo na sisi tukacheka, ingawa si kwa furaha. Nani kati yetu hajamwona nyapara akimsifu mkata miwa hodari asubuhi, na kesho yake kumwongezea mistari? Kisha mistari ile huwa ndicho kipimo cha watu wote.

Mama yule na wenzake waliona kwamba kila mtu alikuwa na daftari lake, na kila mtu alikuwa analia peke yake. Wakakubaliana kwa mwezi mmoja wote waandike kwa namna moja: saa ngapi kwa watoto, saa ngapi vikaoni, saa ngapi njiani kati ya shule na shule, saa ngapi kwa maandishi, na vipindi vingapi vimepotea kwa amri ya wakubwa. Hata chama chao cha kitaaluma, ASHA, tangu mwaka 2002 kimekuwa kikisema kwamba isihesabiwe idadi ya watoto tu; uhesabiwe mzigo wote wa kazi.

Karatasi hizo walizipeleka kwenye chama cha walimu, maana katika wilaya nyingi huko wataalamu wa usemi ni wanachama pamoja na walimu. Chama kikaziweka mezani wakati wa kujadili mkataba. Walipata nini? Kazi ya kusimamia chakula iliondolewa, na saa za maandishi zikaingizwa ndani ya juma la kazi. Idadi ya watoto haikushuka kama walivyotaka, na mama yule hakutuficha hilo. Lakini watoto waliacha kupoteza vipindi kwa sababu ya sahani.

Kwamba idadi ya watumishi inaweza kujadiliwa mezani kama mshahara, hilo lilionekana mjini Chicago mwaka 2019. Chama cha walimu cha mji huo, ambacho wataalamu wa usemi pia ni wanachama wake, kiligoma siku 11 za shule mwezi wa Oktoba. Mshahara ulikuwamo, lakini walidai pia wauguzi na watumishi wa ustawi wa jamii kwa ajili ya watoto. Mkataba uliofuata uliahidi muuguzi mmoja na mtumishi mmoja wa ustawi katika kila shule, kwa hatua, hadi mwaka 2023.

Lipo jambo lingine ambalo wachuma chai watalitambua upesi. Baadhi ya shule huko huajiri wataalamu kwa njia ya makampuni ya wakala, wanaolipwa kwa saa na wasio ndani ya mkataba wa chama. Leo yuko huyu, mwakani yuko mwingine, na kila mmoja huanza kumjua mtoto upya. Sisi tunawaita vibarua wa mkandarasi. Anayeumia si kibarua peke yake. Na mtoto anayehudumiwa huumia.

Kitabu kikikutana na kitabu

Ndugu wasomaji, haya si mageni kwetu. Katika shamba moja la chai la magharibi mwa Uganda, wachuma chai walilalamika kwamba karani wa mizani anakata kilo nyingi mno kwa ajili ya maji na uzito wa kapu. Tulikwenda ofisini watu wanne. Meneja akafungua kitabu chake, akasoma tarehe, majina na kilo, kisha akatuuliza: "Na chenu kiko wapi?" Hatukuwa na kitu ila midomo yetu. Tulirudi mikono mitupu, na kosa lilikuwa letu sisi waandalizi wa chama.

Baadaye akina mama sita walinunua madaftari ya kurasa 32. Kila jioni waliandika kilo zilizosomwa na kilo zilizokatwa. Mmoja wao hakujua kuandika. Mwanawe wa darasa la tano alimwandikia. Baada ya siku 40 tulirudi ofisini, na safari hii kitabu kilikutana na kitabu. Makato hayakufutwa, lakini yalipunguzwa kwa nusu, na mizani ikaanza kukaguliwa kila Jumatatu mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Kama angeandika mama mmoja tu, angeitwa mchochezi. Waliandika sita.

Swali alilotuachia

Tulipokuwa tunaagana, mama yule alituuliza: watoto wa wafanyakazi wenu wasioweza kusema vizuri wako wapi? Tulimweleza kwamba Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha kazi yake mwaka 2008, lakini wataalamu bado ni wachache na hawafiki mashambani. Tulimweleza habari ya mtoto mmoja wa laini za wafanyakazi, mwenye kigugumizi, aliyewekwa dawati la nyuma mpaka akaacha shule mwenyewe. Alisikiliza, kisha akasema: "Wako wangapi kama yeye?"

Hatukuwa na jibu. Tena tulikuwa kama siku ile mbele ya meneja.

Kwa hiyo tunawaomba wawakilishi wa kila tawi wafanye haya:

1. Kila mwakilishi awe na daftari la malalamiko: tarehe, jambo, nani ameambiwa, na siku ya kufuatilia.
2. Maandishi yafanywe siku ile ile, si mwisho wa mwezi.
3. Wafanyakazi wa kazi moja waandike kwa namna moja, ili hesabu zao ziweze kujumlishwa.
4. Vibarua wa mkandarasi waandikwe pia, maana mzigo wao kesho ni wetu.
5. Katika kila laini wahesabiwe watoto wasiokwenda shule kwa sababu ya usemi au masikio, kwa idhini ya wazazi, na bila kuwatangaza majina.

Hesabu hiyo ya tano tutaipeleka mezani tutakapojadili mkataba ujao wa hali bora, pamoja na habari ya shule za mashambani. Hatuahidi kwamba tutapata yote. Tunaahidi tu kwamba safari hii hatutaingia ofisini na midomo mitupu.

Umoja ni nguvu!