Chokoleti Inavyopoteza Kokoa

Oktoba 2025, biskuti mbili ambazo Waingereza wengi wamezila tangu utotoni, Penguin na Club, zilipoteza haki ya kuitwa biskuti za chokoleti. Hazikuondolewa madukani, na umbo lake ni lilelile. Kilichobadilika ni koti la kahawia la juu. Kampuni ya Pladis inayozitengeneza ilipunguza kokoa na kuongeza mafuta mengine ya mimea, hadi kokoa iliyobaki ikawa chini ya kiwango ambacho sheria ya Uingereza inadai ili kitu kiitwe chokoleti. Sasa karatasi yake inasema ni ya ladha ya chokoleti. Habari hiyo ilizungumzwa sana kule. Lakini mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyezoea kugeuza karatasi ya biskuti dukani na kusoma kilichomo hakuwa na sababu ya kushangaa, kwani koti la namna hiyo sisi tumelila miaka mingi.

Kilichowafikisha Waingereza hapo ni bei. Kwa muda mrefu tani moja ya kokoa kwenye soko la New York ilipanda na kushuka kati ya dola 2,000 na 3,000. Mwishoni mwa Machi 2024 ilivuka dola 10,000, na Desemba mwaka huohuo ikapita 12,000. Rekodi ya zamani, ya mwaka 1977, ilikuwa chini ya nusu ya kilele hicho. Katika msimu wa 2023/24 dunia ilivuna takriban tani milioni 4.4, na viwanda vikahitaji karibu nusu milioni zaidi ya hapo.

Upungufu huo ulianzia Afrika Magharibi, ambako Ivory Coast na Ghana pekee hutoa zaidi ya nusu ya kokoa yote duniani. Mvua za 2023 zilizidi, matunda yakaozea mtini kwa ukungu, kisha ukaja ukame wa El Niño. Nyuma ya hayo kuna adui wa siku nyingi: kirusi kinachovimbisha machipukizi ya mti wa kokoa na kuuua katika miaka michache. Husambazwa na wadudu wadogo wenye unga mweupe mgongoni, wanaofyonza utomvu. Ugonjwa huu ulitambuliwa Ghana mwaka 1936, enzi hizo ikiitwa Gold Coast, na hadi leo hauna dawa. Mti ulioambukizwa hukatwa. Serikali ya kikoloni iliamuru kukatwa kwa mamilioni ya miti, mingine ikiwa bado inazaa, na hasira ya wakulima ikawa moja ya kuni za vurugu za mwaka 1948 zilizofungua njia ya uhuru wa nchi hiyo.

Hata hivyo mimi naona mzizi wa jambo hili uko kwenye malipo. Ivory Coast na Ghana hupanga bei ya mkulima mwanzoni mwa msimu, na sehemu kubwa ya mavuno huwa imeshauzwa nje kwa mikataba kabla hata hayajachumwa. Oktoba 2024 mkulima wa Ivory Coast alipangiwa faranga 1,800 kwa kilo, yaani dola 3 hivi. Miezi miwili baadaye kilo hiyo ilikuwa na thamani ya dola 12 New York. Mkulima anayelipwa hivyo mwaka hadi mwaka hanunui mbolea, hapandi upya miti iliyochoka, na mchimba dhahabu akija kumwomba shamba, anampa. Ukame ulikuta mashamba ambayo tayari yalikuwa dhaifu.

Kyela mambo yalikwenda tofauti. Kokoa ya Tanzania huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na mfumo wa stakabadhi za ghala, kwa hiyo bei ya dunia ilipopanda, mnada ulipanda nayo, na mwaka 2024 kilo moja ilifika zaidi ya shilingi 20,000. Watu walioanza kuing'oa miti hiyo wapande mazao mengine wakarudi kutafuta miche. Neema hiyo ilifika hadi Bundibugyo nchini Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na ng'ambo ya mpaka huko Beni nchini Kongo, ambako kokoa huvunwa katikati ya hofu ya makundi yenye silaha.

Kiwandani, mambo yalikuwa mengine. Mtengenezaji wa chokoleti akibanwa na bei ana hatua tatu, na huzipitia kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza anapunguza uzito wa kipande. Mwanabaiolojia wa Marekani Stephen Jay Gould aliwahi kufuatilia chokoleti ya Hershey tangu 1965, akaonyesha jinsi kipande kilivyokuwa kikipungua kidogo kidogo kwa bei ileile, kisha bei inapanda na kipande kinanenepa, halafu kinaanza tena kukonda. Hatua ya pili ni kupandisha bei waziwazi. Hatua ya tatu ni kugusa mchanganyiko wenyewe, na hapo ndipo sayansi inapoingia, kwa sababu ndani ya chokoleti kuna kitu kimoja kisichokubali kubadilishwa ovyo: siagi ya kokoa.

Punje ya kokoa iliyomenywa ni mafuta kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Kila molekuli ya mafuta hayo ina mikono mitatu, na katika siagi ya kokoa karibu zote zimeumbwa kwa mtindo mmoja: mkono wa katikati ni asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, na mikono ya pembeni ni ya mafuta magumu. Kwa kuwa zinafanana hivyo, hupangana vizuri zikipoa, mithili ya viti vya plastiki vya aina moja vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Mafuta mengi ya kupikia ni mkusanyiko wa molekuli za maumbo tofauti, kwa hiyo hulainika polepole joto linavyopanda. Siagi ya kokoa hubaki ngumu, halafu ndani ya nyuzi chache tu za joto inayeyuka yote.

Kuna njia 6 ambazo molekuli hizo zinaweza kujipanga. Ya chini kabisa huyeyuka kwenye nyuzi 17 hivi za selsiasi, ya juu kabisa kwenye 36. Ile wanayoitafuta watengenezaji ni ya 5, inayoyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo inayoipa chokoleti mng'ao, ikavunjika kwa mlio mkavu, na kuyeyuka mdomoni huku ikiacha ulimi baridi, kwa sababu inavuta joto la ulimi ili iyeyuke. Kuipata kunataka subira: chokoleti huyeyushwa, hupozwa hadi fuwele zianze, kisha hupashwa tena kidogo ili fuwele za aina nyingine zife na hiyo moja ibaki. Ukiacha kipande kwenye gari Dar es Salaam mchana wa Februari, kikayeyuka na kuganda chenyewe usiku, mpangilio huo umevurugika. Kesho yake utakikuta kimeota weupe juu. Wengi hukitupa wakidhani ni ukungu, kumbe ni mafuta yaliyopanda juu na kuganda kwa mpangilio mwingine, na kinalika bila madhara.

Hapo ndipo ilipo sababu ya koti la biskuti zetu. Duka la Kariakoo au Kisauni lisilo na kiyoyozi hufika nyuzi 32 mara nyingi, na chokoleti halisi haiwezi kukaa rafuni humo wiki nzima bila kulegea. Viwanda vikachagua mafuta ya kiini cha mawese yaliyogandishwa, ambayo ni nafuu, hayahitaji kupashwa na kupozwa kwa ustadi, na hustahimili joto. Lakini molekuli zake hazipatani na za siagi ya kokoa. Ukizichanganya nusu kwa nusu unapata kitu laini kinachoota weupe haraka. Kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuchagua upande mmoja. Akichukua mawese, anaiondoa karibu siagi yote ya kokoa na kutia unga wa kokoa uliokamuliwa mafuta, sukari na vanila ya kutengenezwa. Ukila koti hilo halikuachii ulimi baridi. Linaacha utando unaoganda kwenye kaakaa, na ladha inayoisha kabla hujameza.

Kati ya hayo mawili ipo njia ya tatu, nayo ina faida kwa Waafrika wengine. Mafuta ya mti wa shea, unaomea ukanda wa savana kutoka Afrika Magharibi hadi kaskazini ya Uganda, yana molekuli zinazofanana sana na za siagi ya kokoa, hasa yakichujwa kiwandani na kubakizwa sehemu ile ngumu. Yanachanganyika nayo bila ugomvi. Nchi za Ulaya zilibishana kwa takriban miaka 30 kama chokoleti yenye mafuta ya aina hiyo ni chokoleti au la, na mwaka 2000 zikakubaliana: mafuta 6 ya mimea yaliyotajwa kwa majina, yakiwemo ya shea, mawese na kokwa za embe, yaruhusiwe hadi asilimia 5 ya uzito, na karatasi iseme hivyo. Marekani haikukubali. Ndiyo maana mwaka 2008, Hershey ilipoiondoa siagi ya kokoa kwenye baadhi ya bidhaa zake, ililazimika kuacha kuziita chokoleti ya maziwa.

Wako pia waliokwenda mbali zaidi na kuiacha kokoa yenyewe. Kampuni ya Planet A Foods ya Ujerumani inatengeneza ChoViva kwa kuchachusha na kukaanga mbegu za alizeti. Voyage Foods ya Marekani inatumia mbegu za zabibu, na mwaka 2024 iliingia ubia na Cargill, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa kokoa duniani. Huo ubia naupa uzito kuliko matangazo yote ya chakula kipya, kwa sababu anayenunua na kusaga kokoa ndiye aliyeanza kuuza mbadala wake. Wengine walipata njia ya mkato kupitia mtindo. Chokoleti ya Dubai, iliyoanzishwa na Fix Dessert Chocolatier na kuvuma mitandaoni kuanzia mwishoni mwa 2023, imejazwa pistachio na nyuzi za tambi za kukaanga; wanunuzi hulipa pesa nyingi kwa kipande ambacho sehemu kubwa ya uzito wake si kokoa kabisa. Viwanda vikubwa viliuona mtindo huo vikaufuata mara moja.

Mwaka 2025 bei zilianza kuanguka, na kufikia mwisho wa mwaka kokoa ilikuwa imepoteza karibu nusu ya thamani ya kilele chake. Mavuno yalikuwa yameboreka, lakini pia viwanda vilikuwa vimepunguza kusaga. Mtu angetegemea kwamba bei ikishuka, mchanganyiko wa zamani utarudi. Sioni dalili hiyo. Mtambo umesharekebishwa, karatasi mpya zimechapishwa, na mlaji aliyelalamika mwezi wa kwanza amezoea.

Historia nayo inatia wasiwasi. Baada ya bei ya 1977, Malaysia na Indonesia zilipanda kokoa kwa wingi, na Ivory Coast ikapanua mashamba yake. Mti wa kokoa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5, kwa hiyo matunda ya tamaa ile yalifika sokoni kwa pamoja katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1987 Rais Félix Houphouët-Boigny wa Ivory Coast aligoma kuuza kokoa ya nchi yake kwa bei iliyokuwepo, akitumaini soko litasalimu amri. Halikusalimu. Kufikia mwaka 2000 tani ilikuwa chini ya dola 1,000. Sasa hivi Ecuador inapanda kwa kasi, na miche iliyotiwa ardhini Kyela na Busokelo mwaka 2024 itaanza kuzaa kati ya 2027 na 2029, ikikuta viwanda vilivyokwisha jifunza kutumia kokoa kidogo.

Kwa mkulima wa huko kuna jambo moja ambalo kemia inalisema bila kuzunguka. Kilicho rahisi kubadilishwa katika kokoa ni mafuta. Ladha ni ngumu zaidi, nayo haizaliwi mtini. Punje mbichi ikitoka kwenye tunda na utando wake mweupe ni chungu na inakwaruza ulimi; hata ukiikaanga haitanukia chokoleti. Inapovundikwa kwenye sanduku la mbao au kufunikwa kwa majani ya mgomba, hamira hula sukari ya utando na kutoa pombe, kisha bakteria huigeuza pombe kuwa siki, na lundo hupanda joto hadi nyuzi 50 hivi. Siki na joto huua kiini cha punje, kuta za ndani hupasuka, protini hukatwakatwa, na vipande hivyo ndivyo vitakavyokutana na sukari kwenye moto wa kukaanga na kutoa harufu. Kazi hiyo inataka siku 5 hadi 7 na kugeuzwa mara kwa mara. Anayeharakia mnada akaanika baada ya siku 2 anauza mafuta yenye ganda.

Mnunuzi makini hupima hilo kwa kisu. Anachota punje, anazipasua kwa urefu moja baada ya nyingine na kuzitazama ndani. Iliyovundikwa sawasawa ni ya kahawia na ina mifereji mingi. Ya zambarau ilitolewa mapema mno. Ya kijivu, iliyoshikamana, haikuvundika kabisa. Kiwanda kinachotafuta mafuta tu hakijali sana rangi hizo, na ndicho kitakachokuwa cha kwanza kuhamia kwenye mawese na shea bei ikipanda tena. Kinachotafuta harufu hakina pa kuhamia kwa sasa, kwa kuwa mbegu za alizeti na za zabibu zinaiga chokoleti ya maziwa yenye sukari nyingi na bado hazijaifikia ile nyeusi. Vyama vya ushirika vinavyokusanya punje zikiwa mbichi na kuzivundika kwa pamoja, badala ya kila nyumba kuvundika kwa namna yake, vinaweza kumwahidi mnunuzi wa namna hiyo mzigo mzima wa rangi moja. Masanduku ya mbao, kipimajoto na mtu mmoja wa kugeuza vinatosha kuanza, na pesa za misimu miwili mizuri iliyopita zingeweza kuvinunua.