Safari ya Kwanza ya Treni Kwenda Zambia



Wenzetu wengi wanaokaa kando ya reli ya TAZARA wana jamaa zao Zambia. Tuchukue mfano. Mama mmoja anakaa kijijini, karibu na Makambako. Binti yake ameolewa Kasama, Zambia. Sasa binti ni mjamzito, na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Anaomba mama yake awe naye atakapojifungua. Lakini mama hajavuka mpaka hata siku moja. Afanye nini ili afike mapema, wala asirudishwe njiani?

Katika ukurasa huu tunaeleza mambo ya kutayarisha. Msomaji, soma polepole, kisha mweleze na jirani.

Reli yenyewe

Reli hii ina urefu wa kilomita 1,860. Inaanza Dar es Salaam na kuishia New Kapiri Mposhi, Zambia. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1970, ikakabidhiwa kwa nchi zetu mbili mwaka 1976. China ilitoa mkopo usio na riba. Wazee huiita Reli ya Uhuru, maana Zambia ilitafuta njia ya kwenda baharini bila kupitia nchi zilizotawaliwa na walowezi.

Kutoka Makambako treni hupita Mbeya, halafu Tunduma. Tunduma ni mwisho wa Tanzania. Ng'ambo yake ni Nakonde, ndiyo Zambia. Baada ya Nakonde unakwenda Kasama, Mpika, Serenje, mpaka New Kapiri Mposhi. Anayekwenda Lusaka hushuka hapo na kupanda basi.

Kwanza: hati ya safari

Usianze na tiketi. Anza na hati. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au ya mkoa. Uliza habari za pasipoti. Uliza pia kama hati ya dharura ya kusafiria itakufaa kwa safari yako. Chukua kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa.

Siku hizi fomu ya pasipoti hujazwa kwa intaneti. Kama hujui, mtafute mtu unayemwamini akusaidie. Lakini kabla hajaituma, soma mwenyewe kila jina na kila tarehe. Ikiwa kitambulisho kinasema Rehema na cheti kinasema Rahema, hapo pana matata. Hapo ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi.

Mtanzania haombi viza kwenda Zambia kutembea. Lakini lazima hati yake igongwe muhuri, na ofisa huandika siku alizoruhusiwa kukaa. Soma idadi hiyo hapo hapo. Siku zikipita bila ruhusa ni kosa. Mama yetu anataka kumlea mzazi kwa wiki kadhaa, basi aseme hivyo kwa ofisa tangu mwanzo.

Uliza hospitali pia kuhusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama unatumia dawa, zibebe katika pakiti yake pamoja na barua ya daktari. Dawa nyingine zinazouzwa kwetu kwa urahisi huleta shida nchi nyingine.

Pili: tiketi na saa

Uliza stesheni mapema treni ya abiria inaondoka siku gani. Ratiba hubadilika, na safari nyingine huahirishwa. Usikubali maneno ya kuambiwa njiani. Uliza dirishani, uandike jibu kwenye daftari.

Saa za treni huandikwa kwa namba kuanzia usiku wa manane. Ukiona 14:00, toa 6. Inabaki 8, yaani saa nane mchana. Ukiona 01:00, ongeza 6. Ni saa saba usiku.

Hapa wengi hukosea. Mwenzetu mmoja alikuwa na tiketi ya treni iliyoandikwa Jumamosi, 01:00. Alikula chakula cha jioni nyumbani siku ya Jumamosi, akaaga, akafika stesheni na mizigo yake. Akaambiwa treni imekwisha ondoka tangu usiku uliopita! Kwa tarehe za treni, siku mpya huanza saa sita usiku. Kwa hiyo Jumamosi saa 01:00 ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Alipaswa kuwa stesheni Ijumaa jioni. Nauli ikapotea, na msiba aliokuwa akiuendea ukazikwa bila yeye. Kosa halikuwa la mtu mwingine. Namba alizisoma, ila hakuuliza maana yake.

Tena kumbuka: saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu.

Tatu: fedha

Zambia hutumia kwacha. Mwaka 2013 waliondoa sifuri tatu katika fedha yao. Kwa hiyo noti za zamani zenye sifuri nyingi hazinunui kitu. Mtu akikupa noti ya 50,000, usifurahi. Irudishe.

Mpakani wapo watu wanaobadilisha fedha kwa haraka. Ni bora kwenda benki au duka lenye leseni. Na piga hesabu kabla ya kutoa fedha. Kwa mfano tu, tuseme kwacha 1 ni shilingi 100. Una shilingi 60,000. Gawa kwa 100, unapata kwacha 600. Ukipewa 500, umepunjwa kwacha 100, yaani shilingi 10,000. Hesabu noti mkononi mwako, halafu ndipo uachie zako.

Nne: ndani ya treni na mpakani

Daraja la kwanza na la pili lina vyumba vya kulala. Wanawake na wanaume hulala vyumba tofauti, isipokuwa watu wamelipia chumba kizima. Daraja la tatu ni viti. Beba maji, chakula cha akiba na blanketi, maana treni ikichelewa njaa haingoji. Hati na fedha zikae mwilini, si kwenye mzigo.

Mpakani maofisa huingia na kuuliza: Unakwenda wapi? Kwa nani? Siku ngapi? Jibu kweli na kwa ufupi. Andika jina la mwenyeji wako, mtaa na namba ya simu kwenye karatasi. Usikubali kubeba mzigo wa mtu usiyemjua. Na kabla ya kubeba mbegu, miche au mazao mengi, uliza Forodha na ofisi ya kilimo.

Kasama watu husema Kibemba, na Kiingereza hutumika ofisini. Usiogope. Onyesha karatasi yako, utaelekezwa.

Mama yetu akifuata haya, atafika kabla mtoto hajazaliwa. Basi, safari njema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tiketi inasema Jumatano, 02:00. Utakwenda stesheni jioni ya siku gani?
2. Kwacha 1 ikiwa shilingi 100, shilingi 45,000 ni kwacha ngapi?
3. Kwa nini tunaanza na hati kabla ya tiketi?