Vidole Vinavyokataa Asubuhi



Mama mmoja wa hapa Kikula alikuwa anaamka na vidole vigumu, vimevimba mikono yote miwili. Kukoroga bukari alishindwa mpaka jua lipande. Jirani walisema amelogwa. Labo ilipima damu, ikaandika «negatifu». Akarudi akilia: hakuna anayemsadiki.

Tuelewe kipimo hicho. Katika rimatizimu hii, chembe za damu zinazolinda mwili zinakosea adui, zinatengeneza silaha za kupiga viungo vyetu wenyewe. Labo inatafuta silaha mbili: fakta rimatoidi, aliyoieleza Erik Waaler wa Norwe mwaka 1940, na anti-CCP. Lakini fakta inaweza kuonekana kwa mwenye malaria, hata kwa mzee mzima wa afya. Na wagonjwa wengine wa kweli hawana hata moja.

Utafiti wa Kinshasa uliotolewa mwaka 2012 ulikuta ugonjwa huu kwa watu wazima karibu 6 katika 1000. Duniani, wanawake wanaupata kuliko wanaume.

Basi karatasi peke yake haihukumu. Mwambie munganga: viungo gani vinavimba? Ugumu wa asubuhi unadumu saa nzima? Majuma 6 yamepita? Dawa zikianza mapema, viungo vinaokolewa. Vikisha kupinda, havinyooki tena.

Mama yule alirudi. Munganga alishika vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kusoma karatasi, akamwanzisha dawa. Mama, usiogope kurudi.